Malaba Hadi Auckland kwa Mstari Ulionyooka

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni ananiuliza swali lile lile: Auckland ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi? Nimejibu kwa simu, nimejibu kanisani, nimejibu nikiwa bafuni na sabuni machoni huku jirani amesimama nje akingoja. Sasa naandika mara moja, msome wote, kisha mniache niuze njugu zangu kwa amani.

Mwanangu Silas, ambaye anafanya kazi huko ya kutunza wazee, aliniambia kwamba kutoka Entebbe hadi Auckland kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita elfu kumi na nne na mia nne. Nikamwambia hakuna kitu kama mstari ulionyooka. Mimi ni mtu wa Malaba, upande wa Kenya, penye daraja la kuvukia Uganda. Nimeona lori likitoka Mombasa na kutufikia kwa siku mbili, halafu likakaa siku tatu kwenye foleni ili limalize kilomita moja iliyobaki. Kwetu mtu haulizi umbali, anauliza foleni imefika wapi.

Kilichonipeleka huko ni kidole changu. Kwa wale ambao si Wateso, nieleze. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi kitabuni. Bibi mzaa baba huchovya kidole kwenye ajono, ile pombe yetu ya wimbi inayonywewa kwa mirija, akakigusisha kwenye midomo ya mtoto huku akitaja jina la mmoja wa waliotutangulia. Mtoto akigeuza uso, linatajwa lingine. Akikinyonya kidole, hilo ndilo jina lake na mjadala umekwisha. Silas na mkewe Ruth, ambaye ni binti wa kule Sigalame, walikuwa wamepata msichana, na kwa karibu miezi miwili msichana huyo alikuwa anaitwa Mtoto. Ofisi ya huko ilitaka jina kamili, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Mimi nilipangiwa kufika Ijumaa.

Sasa niwaambie siri ambayo sikumwambia mtu wakati huo. Jina nilikuwa nalo tayari. Mama yangu aliitwa Apolot. Alizaliwa na akazikwa upande wa Uganda, huko nilikozaliwa mimi pia, na hakuacha mtoto mwingine. Hakuna mtu duniani anayeitwa kwa jina lake. Upande wa marehemu mume wangu majina yamejaa tele, na la kwanza kwenye orodha yao lilikuwa la mama mkwe wangu, Amoding. Mliomjua Amoding hamhitaji maelezo. Kwa miaka kumi na tisa alinituma maji hata mtungi ukiwa umejaa, na chumvi ikizidi kidogo tu kwenye mboga alisema mbele ya wageni, "Huyu ni wa upande wa pili wa daraja, msimlaumu."

Wifi yangu Norah, binti wa Amoding, ndiye aliyenifungia mzigo. Alinitwanga na maneno yale yale tangu asubuhi: "Mama Silas, usisahau jina la mama." Nikamwambia sitasahau. Na ni kweli sikuwa na nia ya kulisahau. Nilikuwa na nia ya kulitaja la tatu au la nne, mtoto akiwa tayari ameshiba Apolot.

Malaba hadi Entebbe

Jumatano asubuhi nilivaa viatu vyangu vya harusi, nikabeba begi. Ndani ya begi, chini ya nguo, nilikuwa na kilo mbili za kimea cha wimbi na unga uliokaangwa wa kutengenezea ajono, vitu ambavyo ukivichanganya na maji, kesho yake ajono liko tayari. Nikavuka daraja kama ninavyovuka kila siku nikienda kununua njugu upande ule: nikasalimia, nikasalimiwa, nikapita.

"Mama Silas, leo umevaa namna hii unaenda wapi?" akaniuliza askari mmoja ambaye ni mteja wangu.

"Naenda New Zealand."

"Haya, usichelewe kurudi," akasema, akaendelea na chai yake.

Basi la Kampala lilikuwa zuri. Njiani, kila liliposimama, wauzaji waliinua kuku wa kuchoma kwenye vijiti hadi dirishani, nikala paja moja na ndizi mbili za kuchoma, nikajiona msafiri mzoefu. Entebbe nilifika saa tatu nzima kabla ya ndege kuondoka. Kijana wa pasipoti akafungua kitabu changu, akakifungua tena kwa nyuma, akakitikisa kidogo.

"Mama, uliingia Uganda lini?"

"Leo asubuhi."

"Na muhuri uko wapi?"

"Muhuri wa nini?"

Akaniangalia vizuri. "Hii pasipoti haina kutoka Kenya, haina kuingia Uganda. Kwa hii kitabu, mama, wewe sasa uko nyumbani kwako umelala."

Nikamwambia nimevuka lile daraja tangu nikiwa msichana wa kubeba mihogo kichwani, na hakuna aliyewahi kunigongea chochote. Nikamwambia nilizaliwa upande huu. Akacheka, hakuwa mtu mbaya. Akasema hata yeye ana shangazi kule Tororo karibu na mpaka, lakini bila mihuri miwili hawezi kunipitisha. "Urudi pale uliingilia, wakugongee, halafu ukuje."

Nawaambia ukweli, hapo nilikaa chini. Si kwenye kiti, chini kabisa, sakafuni, na viatu vyangu vya harusi. Nikampigia Silas.

"Mama, ulipitia wapi?"

"Darajani."

"Na hukuingia kwa ofisi?"

"Silas, umewahi kuniona mimi nikiingia kwa ile ofisi?"

Sote tulijua jibu. Hata yeye alikua akivuka hapo na baiskeli kwenda kwa bibi yake, na kitambulisho alikiona mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Mambo ya kubadilisha tiketi nayaruka, yalimkosesha yeye usingizi, si mimi. Ninachojua ni kwamba ndege mpya ilikuwa Ijumaa alasiri, na ingenifikisha Jumapili. Ingebaki siku moja.

Entebbe kurudi Busia

Alhamisi alfajiri nilitoka kwa binamu yangu huko Kampala na kupanda gari la kurudi mpakani. Malaba foleni ya malori ilikuwa imefika mbali, dereva akaamua kupitia Busia, mpaka mwingine. Nami nikaona heri, Malaba wangenicheka.

Ile ofisi ya Busia, kwa wale ambao kama mimi hamjawahi kuingia, ni ukumbi mmoja, uko upande wa Uganda. Mkenya na Mganda wamekaa kwenye madirisha yaliyopakana. Ukienda Uganda, huyu anakutoa, yule anakuingiza, basi. Nikasimama mbele ya dada wa Kenya.

"Mama, unatoka Kenya ama unaingia?"

"Natoka."

"Lakini nimekuona ukikuja na upande wa Uganda."

"Nilitoka jana. Sasa nimerudi ili nitoke."

Dada akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote: daraja, kijana wa Entebbe, mtoto asiye na jina, Jumatatu. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, siwezi kukutoa kwetu kama hauko kwetu. Enda nje, rudi Kenya, halafu ukuje na hii njia kama watu."

Nikatoka nje. Nikatembea hadi Kenya. Nilipofika nikaona haifai kugeuka hapo hapo kama mtu aliyesahau kitu, nikanunua chai na chapati kwa mama mmoja wa Bukhayo mwenye meza kando ya barabara.

"Mama, umepotea?" akaniuliza, maana nilikuwa nimesimama na begi nikiangalia nilikotoka.

"Sijapotea. Natoka Kenya."

"Si utoke basi."

"Nangoja chai ipoe."

Nikamaliza chapati, nikajipangusa, nikatoka Kenya. Dada akagonga muhuri, Mganda wa dirisha la pili akagonga wake. Ilichukua muda mfupi kuliko chai. Nilikuwa na miaka sitini na moja, nimevuka mpaka huo mara ambazo hata Mungu amechoka kuhesabu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyotoka nchini mwangu.

Entebbe hadi Dubai

Kijana wa pasipoti alikuwa pale pale Ijumaa. Akaona mihuri, akasimama kabisa. "Sasa mama umefika Uganda. Karibu, na safari njema."

Kutoka Entebbe hadi Dubai ni kama kilomita elfu tatu na mia saba, na ndege yetu ilichukua saa tano na kitu. Hiyo ni sawa na Malaba hadi Kampala siku ya mvua. Walitupa wali na kuku kwenye sahani ndogo kama ya mtoto, na kila kitu kimefunikwa karatasi. Jirani yangu alinionyesha kipi ni siagi na kipi ni sabuni ya mkono, na alinionyesha kwa wakati, maana mkate ulikuwa tayari mkononi.

Dubai hapo hapo ndani ya uwanja nilitembea hadi nikahisi nimetoka Alupe nikaingia Busia mjini kwa miguu. Mtu mmoja akanifuata na kiti cha magurudumu akisisitiza nikae. Nikakataa. Akaja tena. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba mimi hulima. Alipokuja mara ya tatu, viatu vya harusi vilikuwa vimenishinda, nikakaa, akanisukuma hadi mlangoni pangu. Nikampa njugu. Hapo nikangoja hadi Jumamosi asubuhi, nikilala kwa zamu na begi langu.

Dubai hadi Auckland

Hii sasa ndiyo mnayoniuliza. Kilomita elfu kumi na nne na mia mbili hivi, saa kumi na sita bila kushuka. Mbele ya kila kiti kuna ramani yenye kindege kidogo. Msikiangalie. Nilikiangalia, nikalala, nikala, nikaamka, nikaenda chooni, nikarudi, na kile kindege kilikuwa bado juu ya maji yale yale. Jumlisha mwenyewe: karibu elfu kumi na nane, na Silas aliniambia elfu kumi na nne. Ukiongeza kurudi Busia ndiyo kabisa.

Kando yangu alikaa mama wa Kihindi wa umri wangu, sweta ya zambarau imefungwa hadi shingoni. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, na mimi sijui chake. Kwa hivyo tuliongea sana. Akatoa simu akanionyesha mtoto mchanga. Nami nikamwonyesha wangu. Akanionyesha binti yake, mama wa mtoto. Nikamwonyesha Silas na Ruth. Akatoa chapati nyembamba za majani zenye pilipili, tukala na njugu zangu, tukarudisha sahani ya ndege bila kuigusa. Alipofahamu kwamba wa kwangu hana jina, alishika kifua.

Ikabidi nimweleze kazi ya kidole. Nikashusha begi, nikamwonyesha kimea na ule unga. Akachukua kidogo kwenye kiganja, akanusa, uso ukamfunguka. "Ragi," akasema. Akarudia mara mbili, akijipiga kifuani kuonyesha kwamba hata kwao ipo. Wimbi ni wimbi.

Mlangoni Auckland

Ruth alikuwa amenionya kwa simu: Mama, chochote cha kuliwa ukiseme, usifiche, huko hawachezi. Nikasema. Nikakiweka mezani mwenyewe kwa heshima zote mbele ya mama mmoja mrefu wa ukaguzi mwenye glavu.

Akapekua kimea kwa kidole. Akaniuliza ni nini, nikamweleza hadi mwisho, na nilipofika kwa mtoto nilitumia mikono. Alielewa, niliona ameelewa. Lakini akasema mbegu zilizoota haziingii katika nchi yao, zinaweza kuleta magonjwa mashambani, na hana ruhusa ya kupitisha hata kiganja kimoja. Akaniuliza kama naridhia viharibiwe. Nilimuuliza nisiporidhia itakuwaje. Akasema vitaharibiwa.

Nilikuwa nimebeba ile kilo mbili hadi Entebbe, nikairudisha Busia, nikaipeleka Kenya kunywa chai, nikaileta hadi mwisho wa dunia. Nikaiona ikiingia kwenye ndoo. Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi kwao, na kutoa ajono tena kutoka mwanzo kunataka karibu wiki nzima. Hapo ndipo nilipolia, na sikujali nani ananiona.

Aliyeniona ni yule mama wa sweta. Alikuwa amepita mbele, amekutana na binti yake, lakini hakuondoka. Alimvuta binti kwa mkono hadi kwangu, akamwambia maneno mengi kwa haraka.

"Mama yangu anasema usilie," binti akaniambia kwa Kiingereza. "Anasema unga wa ragi upo kwenye duka letu la Wahindi. Hata Jumapili liko wazi." Akaniandikia jina la mtaa nyuma ya tiketi. Silas alipotokea kunipokea, sikumsalimia vizuri. Nilimpa karatasi nikamwambia endesha.

Sebuleni kwa Silas

Mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu, na mkali zaidi. Alinikunjia uso. Nikaona ana paji la uso ambalo nalijua lakini sikutaka kulifikiria.

Ajono halikuwepo, lakini nyumbani Malaba lilikuwepo. Norah alilitengeneza kwa ajili ya ile Ijumaa iliyotupita, na sasa lilikuwa limekomaa kweli kweli. Jioni saa moja ya Auckland, ambayo kwenu ilikuwa saa nne asubuhi na misa ya kwanza imeisha, tuliwapigia kwa picha. Wengine wenu mlikuwepo, mmezunguka chungu, mirija mkononi, mkisema mnaonja tu. Mimi nilikuwa na bakuli la uji mwepesi wa ule unga wa dukani.

"Mama Silas, uji si ajono," akasema Norah.

"Najua. Chungu kiko kwako, mtoto yuko kwangu. Wewe mimina kidogo chini, mimi nachovya hapa."

Akafikiri, akamimina. Hakuna aliyekuwa na mpango bora.

Nikampakata mtoto. Nikachovya kidole. Nikasema, "Apolot."

Akageuza uso.

Nikachovya tena, nikaongeza uji, nikasema polepole kama mtu anayembembeleza, "Apolot." Akatema. Mara ya tatu nilikigusisha kidole hadi kwenye ufizi. Akalia kwa hasira.

"Umeita mara ngapi?" Norah akauliza kutoka Malaba.

"Mara moja."

Ruth aliangalia pembeni. Silas akainama akakohoa. Nikataja Akisa, shangazi wa mume wangu. Akakataa. Nikataja Atyang. Akakataa. Nilikuwa nachovya kidole huku machozi yananisogea, kwa sababu nilijua limebaki jina gani, na nilijua mama yangu atarudi kukaa peke yake kwenye lile kaburi lake upande wa pili, bila mtu wa kumwitikia.

"Mama Silas," Norah akasema, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena. "Sasa ita mama."

Nikachovya. Nikasema, "Amoding."

Mtoto akakishika kidole changu kwa ufizi akakinyonya. Hakunyonya kidogo. Alinyonya hadi kikaniuma, macho ameyafungua, ananiangalia kama mtu anayeuliza mbona ulichelewa. Kutoka kwenye simu vigelegele vilijaa ile sebule hadi jirani wa Silas akafungua dirisha.

Sitawaficha, iliniuma. Nilimlilia Apolot kwanza. Halafu nikacheka, na Ruth akadhani nimechanganyikiwa na safari. Nilikuwa nimekumbuka kitu. Mwanamke aliyenisema miaka kumi na tisa kwamba nimetoka upande wa pili wa daraja alikuwa amezaliwa upande wa pili wa dunia, akakaa huko miezi miwili bila jina, na hakuna mtu katika ukoo wake wote aliyeweza kumwita hadi mimi nivuke.

Jumatatu Silas alipeleka jina ofisini. Nilikaa huko wiki sita. Kila asubuhi Amoding alilia akitaka maji, nami nikaenda kuyachota.